Uwanja mpya usio na pa kukaa ni hela iliyomwagwa chini

Kila jiji kubwa lina eneo moja lililotengenezwa upya kwa hela nyingi na halina mtu. Vitofali vimepangwa vinang'aa, taa ndefu za kisasa, chemchemi iliruka siku ya uzinduzi na toka hapo haijaruka tena, nyasi zina kibao cha kukataza kukanyaga, na jua linapiga kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jioni na kivuli hakuna. Watu wanapita pembeni mwendo wa haraka. Halafu mitaa miwili mbele kuna kona ambayo hakuna msanifu aliyeichora, ina mti mmoja mkubwa na ukuta mfupi, na hapo watu wamejaa toka asubuhi, wengine wanasubiri usafiri, wengine wanapiga stori, wengine hawana wanachofanya wamekaa tu. Ukinielewesha kwa nini ile kona imeushinda ule uwanja, umeshanimalizia nusu ya mjadala wote wa kufufua maeneo ya umma mijini.

Msimamo wangu ni huu. Eneo la umma lipimwe kwa nani anakaa pale, anakaa muda gani, na anakaa bila kutoa hela. Mawe mazuri, maua, tuzo za wasanifu, picha za droni, yote hayo yaje baada ya hapo. Najua kipimo hiki kinaonekana kidogo mno kwa mradi wa mabilioni, lakini karibu kila mradi mkubwa uliofeli ukiufuatilia utakuta hapo ndo ulipotelea.

Na hii ishu ilishapimwa zamani. New York mwaka 1961 walibadilisha sheria za ujenzi, wakawaambia wajenzi wa maghorofa kwamba ukiacha uwanja wazi mbele ya jengo lako, kila futi moja ya mraba ya uwanja unaruhusiwa kuongeza mpaka futi 10 za mraba za ofisi juu. Biashara nzuri sana kwa mjenzi, na viwanja vikajengwa kweli, ila vingi vikawa vitupu, zege na upepo. Ndo akaja William H. Whyte, mwandishi, mwanzoni mwa miaka ya 70 akaanza na vijana wake kutega kamera juu ya viwanja hivyo na kurekodi siku nzima, nani anaingia, anakaa wapi, anaondoka saa ngapi. Walidhani labda ni jua, wakaangalia jua, halielezi. Wakaangalia ukubwa, haukueleza, umbo la uwanja nalo likagoma. Kilichoeleza kuliko vingine ni kwamba watu wanakaa palipo na pa kukaa. Inasikika rahisi mpaka unajiuliza kwa nini miji ilihitaji kamera kuligundua, lakini viwanja vile vilichorwa na watu wenye shahada na hakuna aliyefikiria mtu atakaa wapi, kingo zilikuwa fupi mno, au ndefu mno, au zimewekewa vyuma vyenye ncha ili mtu asikae kabisa. Mwaka 1975 jiji likabadilisha kanuni kutokana na kazi yake, ikawa lazima kuwe na futi moja ya urefu wa kukalia kwa kila futi 30 za mraba za uwanja. Sheria ya ujenzi inayohesabu makalio ya watu! Mimi hiyo naihesabu miongoni mwa kanuni bora za mipango miji zilizowahi kuandikwa.

Kuna kitu kidogo kwenye zile rekodi ambacho nakipenda sana. Mtu anafika kwenye kiti kisichofungwa chini, anakishika mgongoni, anakisogeza sentimita chache tu, halafu anakaa. Kivuli ni kilekile, jua lilelile, upande anaotazama ni uleule, hakuna alichopata kwa kukisogeza. Ila kwa kile kitendo kiti kimekuwa chake kwa hizo dakika, na jirani yake kaambiwa kimyakimya kwamba sikai na wewe lakini pia sikukimbii. Benchi la zege lililopigwa boliti haliwezi kufanya hivo, linakuamulia umbali wako na mtu usiyemjua, linakuamulia utazame wapi, familia ya watu watano inabidi ikae kwenye mstari mmoja wakiongea kwa kuinamiana.

Bustani ya Bryant Park hapohapo New York ndo ilikuja kuonyesha hili kwa vitendo. Miaka ya 70 ilikuwa ya wauza dawa za kulevya, watu wa kawaida hawakanyagi, na sababu kubwa ilikuwa kwenye dizaini yenyewe: bustani ilikuwa imeinuliwa juu ya usawa wa barabara, imezungukwa na ua wa miti na fensi, njia za kuingilia chache, ukiingia hakuna anayekuona kutoka nje na wewe huoni kinachokusubiri ndani. Ikafungwa 1988, ikafunguliwa 1992. Walichofanya hakikuwa maajabu. Walikata ule ua, wakaongeza milango, wakaweka vyoo vinavyosafishwa, wakaleta mamia ya viti vyepesi visivyofungwa mnyororo, wakaajiri watu wa kufagia na kuangalia kila siku. Hofu ya kwanza ya mtu yeyote ni kwamba viti vitaibiwa, na naielewa hofu hiyo, lakini mahali penye watu wengi muda wote wizi unakuwa mgumu. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, alishaandika mwaka 1961 kuhusu macho ya mtaani, kwamba usalama wa mtaa unaletwa kwanza na watu wa kawaida walio pale wakiendelea na mambo yao. Maofisa wengi wanaisoma kinyume: wanaondoa watu ili pawe salama, na pakishakuwa patupu panakuwa pa hatari kuliko mwanzo, wanaongeza kamera, wanaongeza geti, mwisho wanafunga saa kumi na mbili jioni.

Hapo kwenye vyoo nisipite haraka. Choo ndicho kinachoamua mtu anakaa dakika ishirini au masaa matatu, na kinaamua zaidi kwa mama mwenye mtoto mdogo, kwa mzee, kwa mjamzito, kwa mtu mwenye kisukari. Nimeona michoro ya kuvutia ya maeneo ya umma, kurasa kwa kurasa, miti ya kompyuta, watu wa kompyuta wanatembea na mbwa wa kompyuta, na hakuna choo popote. Mchoro kama huo umeshaamua kwamba hilo eneo ni la kupita.

Upande wa pili kuna miji inayotumia akili nyingi kuhakikisha watu hawakai. Mfano unaojulikana sana ni benchi la Camden, London, lililowekwa 2012: tofali kubwa la zege lenye miteremko kila upande, limechongwa ili mtu asiweze kulala, kijana asiweze kuteleza na skeitibodi, mwizi asipate pa kuficha kitu, tangazo lisishike, uchafu usikwame. Kwa malengo hayo lilifaulu. Ila ukikaa pale na mgongo unaouma, huna pa kuegemea, mteremko unakusukuma, dakika kumi nyingi. Hii ndo shida ya kumtengenezea mtu mmoja adhabu kwenye kiti cha wote. Asiye na nyumba anaenda kulala mtaa wa nyuma, bado hana nyumba, na bibi aliyetoka hospitali akitaka kupumzika katikati ya safari ya kurudi kwake kakosa pa kupumzikia. Wanaosema haya mabenchi yanasaidia usafi wa jiji wanataja faida wanayoiona tu, mtu ambaye hakuja hawezi kuonekana kwenye ripoti.

Kuhusu wasiokuja, Vienna, Austria, ndo ilinifumbua macho zaidi. Katikati ya miaka ya 90 jiji lilifanya utafiti kwenye bustani zake na kukuta kwamba wasichana wakifika kama miaka tisa hivi wanapungua sana kwenye bustani, wavulana hawapungui. Hakuna aliyewafukuza. Bustani ilikuwa na uwanja mmoja mkubwa wazi katikati, umezungushiwa fensi yenye mlango mmoja, na kwenye uwanja wa namna hiyo wanaocheza mpira kwa nguvu wanachukua kote, anayetaka kitu kingine anakaa pembeni, halafu siku moja haji tena. Mwaka 1999 wakaanza kubadilisha bustani mbili kwenye wilaya ya Margareten: wakagawanya ule uwazi mkubwa kuwa vipande vipande, wakaongeza njia na milango, wakaweka sehemu za mpira wa wavu na badminton, na wasichana wakarudi kuonekana. Mlango wa pili kwenye fensi. Yaani kitu cha bei ya mlango kinaweza kuamua kama nusu ya watoto wa mtaa wana bustani au hawana, na kwenye ripoti ya kawaida ya mradi usingekiona maana ripoti ingesema "uwanja wa michezo: 1" na kuweka tiki.

Sasa niende kwenye ile miradi mikubwa, maana wanaopinga wataniambia kwamba viti na milango ni mambo madogo, jiji linahitaji kitu cha kulibadilisha. Sawa. Seoul walifanya jambo kubwa kwelikweli. Mto Cheonggyecheon ulianza kufunikwa na zege mwaka 1958, juu yake ikapanda flaiova, na mto ukawa chini ya giza kwa miongo. Meya Lee Myung-bak akaingia 2002, Julai 2003 wakaanza kubomoa, 2005 mto ukafunguliwa tena, kama kilomita 5.8 za maji, kuta za kukalia na njia za miguu katikati ya jiji. Watu walitabiri foleni itaua biashara zote, haikutokea, na mojawapo ya sababu ni kwamba 2004 jiji lilipanga upya mabasi yake na kuyapa njia zake katikati ya barabara. Pembeni ya mto joto la kiangazi liko chini kuliko barabara za karibu, watu wanashuka ngazi wanavua viatu wanatia miguu majini. Mimi kama ningekuwa na kura wakati ule ningeupigia.

Lakini deni lake lipo na linatakiwa kusemwa palepale unapousifu. Maji yale sehemu kubwa yanapigwa na pampu kutoka mto Han, mchana na usiku, umeme unalipwa. Na wachuuzi waliokuwa wanafanya biashara chini ya flaiova waliondolewa, wengi wakapelekwa kwenye uwanja wa zamani wa michezo wa Dongdaemun, wakaanza upya kujenga wateja, halafu huo uwanja nao ukabomolewa kupisha jengo la kisasa lililofunguliwa 2014. Watu walewale wakahamishwa mara mbili ndani ya miaka michache kwa ajili ya uzuri wa jiji lilelile. Ukifufua eneo ambalo tayari lina watu wanaopatia riziki pale, hao ndo watumiaji wako wa kwanza, huwezi kuwahesabu kama uchafu wa kusafishwa kabla ya kazi kuanza.

High Line ya New York inatoa somo hilohilo kwa njia nyingine. Reli ya juu iliyojengwa miaka ya 30, treni ya mwisho ilipita 1980, wakazi wakaanzisha kikundi cha kuiokoa 1999, kipande cha kwanza cha bustani kikafunguliwa 2009. Dizaini nzuri sana, sina ubishi. Ila bei ya ardhi pembeni yake ikapaa, maghorofa ya kifahari yakapanda pande zote mbili, na wapangaji wa nyumba za umma zilizo karibu hawakuiona kama bustani yao. Mwanzilishi mwenza wake, Robert Hammond, mwaka 2017 alikiri hadharani kwamba walitaka kuifanya kwa ajili ya mtaa na mwisho wa siku walishindwa. Nampa heshima kwa kulisema. Tatizo liko kwenye mpangilio wa muda: bustani inapandisha thamani siku inapotangazwa, na ulinzi wa wapangaji, kama upo, unajadiliwa miaka mitano baadaye wakati wameshahama. Washington kwenye mradi wa bustani ya daraja la mtaa wa 11 walijaribu kugeuza mpangilio, 2015 wakatoa mpango wa makazi nafuu na ajira za wakazi kabla hata jiwe moja halijawekwa, na ukazaa taasisi ya kumiliki ardhi kwa niaba ya jamii. Bado sioni njia nyingine ya kweli zaidi ya hiyo. Ukitaka watu wa pale wabaki, funga kodi na makazi yao kwanza, halafu ndo upande maua.

Ila kama ungeniambia nichague mfano mmoja tu duniani wa kuwapelekea madiwani, nisingechukua Seoul wala High Line. Ningechukua Amsterdam baada ya vita. Mwaka 1947 kijana msanifu wa idara ya kazi za jiji, Aldo van Eyck, alipewa kazi ya kutengeneza sehemu ya watoto kuchezea kwenye kiuwanja cha Bertelmanplein. Akaweka shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa zege, mawe ya mviringo, vyuma vya kuning'inia, mabenchi, miti. Basi. Ule ukingo ulikuwa mpana kiasi kwamba mtoto anautumia kama meza ya kupangia vikeki vya mchanga, mwingine anakimbia juu yake, na mzazi anaukalia. Hakuna tembo wa plastiki, hakuna kitu kinachomwambia mtoto acheze nini. Wakazi wa mitaa mingine wakaona, wakaanza kuiandikia manispaa barua kwamba na sisi tunataka, mtaa wetu una kiwanja kimekaa tu, na manispaa ikawa inajibu kwa kujenga. Kwenye pembe za barabara, kwenye viwanja ambavyo nyumba zake zilianguka wakati wa vita, kwenye vipande ambavyo hakuna aliyejua vya nani. Mpaka 1978 vilikuwa vimefika zaidi ya 700.

Zaidi ya 700, kwa vifaa vilevile vichache vilivyopangwa tofauti kila sehemu. Fikiria maana yake kwa mzazi wa kawaida: eneo la umma liko kona ya mtaa, mtoto anaenda kwa miguu, hakuna fensi, hakuna safari ya kupanga Jumapili. Hela ya bustani moja ya kifahari katikati ya jiji ikitawanywa hivo inafika mlangoni kwa watu ambao hawaji katikati ya jiji kabisa. Na faida nyingine ambayo haisemwi sana ni kwamba vidogo vikifeli vinafeli vidogo, kimoja kikikosewa unajifunza, kinachofuata kinakuwa bora, wakati mradi mkubwa mmoja ukikosewa jiji linakaa nao miaka arobaini. Vingi vya vile viwanja leo havipo, vimeondolewa au vimebadilishwa, na hilo linaniuma, ila linanipeleka kwenye jambo ambalo ndo kaburi la miradi mingi, matunzo.

Hela ya kujenga inatoka mfuko mmoja, hela ya kutunza inatoka mwingine, na huo wa pili hauna uzinduzi. Hakuna kiongozi anayepigwa picha akibadilisha taa iliyoungua. Kwa hiyo mti unapandwa ukiwa mdogo, hakuna wa kuumwagilia miaka miwili ya kwanza, unakauka, shimo lake linazibwa na zege, na kivuli kilichoahidiwa kwenye mchoro hakiji kamwe. Hata miradi inayosifiwa haiko salama: maktaba ya España kule Medellín, Colombia, ilifunguliwa 2007 kwenye mtaa wa mlimani uliokuwa umesahaulika, dunia nzima ikashangilia, na kwa haki maana nia ilikuwa njema, lakini miaka michache baadaye jengo likaonekana lina kasoro kubwa, likafungwa, na wakazi wa mtaa ule ndo waliopoteza.

Ndo maana napenda miji inayojaribu kwanza. Mei 2009 New York ilifunga kipande cha barabara ya Broadway pale Times Square kwa magari, viti rasmi vikawa bado havijafika, wakanunua viti vya kukunja vya bustani vya bei rahisi wakavimwaga barabarani, na watu wakakaa siku hiyohiyo. Watembea kwa miguu waliojeruhiwa wakapungua kwa asilimia 35, na 2010 meya akatangaza iwe ya kudumu. Ujenzi wa mawe ulikuja baadaye kabisa, wakati tayari wanajua watu wanakaa wapi. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, wao hata mawe hawakuhitaji, toka 1974 wanafunga barabara kubwa kwa magari asubuhi za Jumapili na sikukuu, leo ni zaidi ya kilomita 120, watu wanatembea, wanaendesha baiskeli, saa nane mchana magari yanarudi. Barabara ileile. Jiji lilibadilisha ratiba tu.

Na ukijaribu, uhesabu. Copenhagen waliondoa magari kwenye mtaa wa Strøget mwaka 1962, na msanifu Jan Gehl na wenzake wakawa wanaenda kuhesabu, 1968, 1986, 1995, wanahesabu waliosimama na waliokaa, maana kuhesabu wanaopita peke yake hakukwambii kitu, hata njia ya kutorokea ina wapitaji wengi. Injinia wa barabara popote pale ana takwimu za magari kwa kila saa, muulize wa bustani ana takwimu gani za watu utakuta hana. Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja ningetaka kiandikwe kwenye kila mkataba wa kufufua eneo la umma, kabla ya rangi ya vitofali, ni hesabu ya waliokaa pale kabla ya mradi, wangapi ni wanawake, watoto, wazee, wachuuzi, mchana na usiku, kisha hesabu hiyohiyo mwaka mmoja na miaka mitano baadaye, ibandikwe hadharani palepale uwanjani, na sehemu ya malipo ya mwisho ya mkandarasi na mshauri isubiri hiyo hesabu ya pili.